Polishi Bila Kuunguza Rangi

Katikati ya miaka ya 2000, nilipopata kibarua cha kuosha magari Silver Spring, Maryland, mashine ya polishi haikushikwa na kila mtu. Ilikuwa mali ya fundi mmoja tu, mzee wa Kihabeshi tuliyemwita Gashe kwa heshima. Sisi wengine tuliishia kwenye ndoo na taulo, na ilistahili iwe hivyo. Mashine ile ilizungusha sponji kwenye mhimili mmoja, moto ukipanda upesi. Ukizubaa kidogo kwenye ukingo wa mlango au mkunjo wa boneti, rangi imeungua. Klia, lile tabaka la juu linalolinda rangi, kwa magari mengi ya kiwandani lina unene wa mikroni 40 au 50 hivi. Unywele wa mtu mara nyingi ni mnene kuliko hapo. Gashe alijua kwa kiganja tu kwamba bati limepata moto.

Kazi hapa haikauki. Majira ya baridi barabara zinamwagiwa chumvi, na watu wanapitisha magari kwenye mashine za kuoshea zenye brashi zilizojaa mchanga wa gari lililotangulia. Februari 2010, uwanja wa ndege wa Dulles ulipopata theluji ya sentimita 82 kwa dhoruba moja, majirani walitoka na mafagio, wengine na makoleo, kuyafukua magari yao. Jua la Machi lilipowaka, magari meusi yalionyesha kila kitu: mikwaruzo myembamba ya mviringo kuanzia boneti hadi buti.

Wakati huo mashine tunayoiita DA ilikuwa imeanza kuenea, hasa Porter-Cable 7424. Sponji yake inajizungusha, na papo hapo kitovu chake nacho kinazunguka, kwa hiyo msuguano hautulii mahali pamoja. Ukiikandamiza kupita kiasi, sponji inaacha kujizungusha, inabaki kutetemeka tu. Mafundi wakongwe waliidharau: inatia ganzi mikono, inakata polepole. Hawakukosea. Dawa nyingi za polishi za wakati ule zilitengenezwa kwa ajili ya moto na nguvu ya mashine ya zamani. Baadaye zikaja dawa zenye chembe laini zaidi, zikaja pedi za maikrofaiba, na mwanzoni mwa miaka ya 2010 Waitaliano wa Rupes wakaleta mashine yenye mzunguko wa milimita 21, wakati ile Porter-Cable ilikuwa na kama 8 tu. Hapo ubishi ukapungua.

Mimi nilijifunza kwa mstari wa wino mweusi uliochorwa kwenye kibao kinachoshika sponji. Mstari ukizunguka, kazi inafanyika. Ukisimama, punguza mkono au lainisha pembe. Unachukua eneo la nusu mita kwa nusu mita, unakwenda taratibu, kila mpito ukifunika nusu ya ule uliotangulia. Kwa njia hiyo nimewafundisha madereva wa teksi, Wakenya na Watanzania, baada ya jiji la Washington kuagiza teksi ziwe nyekundu zenye mstari wa kijivu. Wekundu mpya hauvumilii mikwaruzo, na dereva hana siku mbili za kuliacha gari gereji.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba ukweli ulipata nafasi. Zamani gari liliweza kutoka liking'aa kwa sababu mafuta ya polishi yamejaza mikwaruzo. Likioshwa mara mbili, yote yanarudi. Siku hizi napangusa kwa spiriti kwanza, namulika tochi kwa upande, ndipo namwita mwenye gari aangalie. Unene wa rangi napima kabla ya kuwasha mashine. Mkwaruzo unaokamata ukucha siufukuzi hadi mwisho: naulainisha kingo usivute macho, namweleza mteja klia iliyobaki ni ya kulinda gari lake miaka ijayo, na wengi wanakubali.