NYOKA WA KWENYE SIMU



Somo letu leo ni Hesabu 13:25-33 na Mithali 11:1. Fungua Biblia yako usome kwanza, halafu urudi hapa tuzungumze.

Mvua zikianza huku pwani yetu, kuna picha hurudi kwenye simu zetu. Mtu ameshika fimbo, kwenye fimbo ananing'inia chatu, na huyo chatu anaonekana mrefu kupita mlango wa nyumba. Chini wameandika kwamba ameuawa leo hii Shimoni, karibu na mapango. Baada ya mwezi, picha ileile utaambiwa ni ya Ukunda. Kisha Lunga Lunga. Kisha Tanga. Na wewe mwana wa Mungu unaisambaza kwenye kundi la maombi na kuandika, "Bwana atulinde."

Bwana atatulinda, ndiyo. Lakini hebu tuiangalie vizuri hiyo picha, kwa sababu ndani yake kuna somo.

Simu haipimi. Kitu kilicho karibu na kamera huonekana kikubwa, na kilicho mbali huonekana kidogo. Sasa aliyeshika fimbo anarudi nyuma, halafu anamsogeza nyoka mbele. Nyoka akiwa mita moja na nusu kutoka kwa simu, na mtu mwenyewe akiwa mita tatu, nyoka ataonekana mara mbili ya ukubwa wake ukimlinganisha na mtu huyo. Nyoka wa mita 2 amekuwa wa mita 4. Na hakuna aliyefungua mdomo kusema uongo. Fimbo imesema kwa niaba yake.

Ninyi wavuvi mnalijua hili. Mtu akipigwa picha na nguru wake, humnyoosha mbele kwa mikono yote miwili mpaka samaki amzibe kifua. Lakini mkifika pale ufukweni kuuza, mnunuzi hanunui picha. Nguru anapanda mizani. Mizani haijui mkono ulionyooshwa. Inajua kilo tu.

Tena jambo hili si la kwetu peke yetu. Marekani kuna nyoka mwenye njuga mkiani, ambazo huzitikisa akihisi hatari. Hata ile aina iliyo kubwa kuliko zote za jamii yake, ni nadra sana kupita mita 2. Lakini kwa miaka mingi picha zake zimezunguka na madai ya mita 4 na zaidi, na nyoka mmoja hudaiwa kuuawa mahali pengi. Mnamkumbuka Theodore Roosevelt, yule aliyeshuka Mombasa mwaka 1909 kuja kuwinda? Huyo aliahidi dola 1,000 kwa yeyote atakayeleta nyoka wa zaidi ya futi 30, yaani kama mita 9. Bustani ya wanyama ya New York ikaendeleza ahadi hiyo na kuipandisha mpaka dola 50,000. Ilipofika mwaka 2002 wakaiondoa. Hakuna aliyewahi kuichukua. Wasimulizi wa nyoka wakubwa hawakukosekana miaka yote hiyo. Aliyekosekana ni mwenye nyoka.

Utaniambia, "Mchungaji, huo ni mzaha tu, unamdhuru nani?"

Nisikilize. Chatu hana sumu. Lakini kuna bafe, mfupi, mnene, mara nyingi urefu wake hauzidi mita moja. Rangi yake ni ya majani makavu, na hakimbii akisikia hatua zako. Analala palepale mpaka umkanyage. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa duniani kwa kuumwa na nyoka. Hawa hawakumezwa na majoka ya kwenye picha. Nyoka mfupi wa njiani hana anayempiga picha, na ndiye anayemkuta mama akitoka shambani na mtoto akienda msalani gizani.

Ukishazoea kuogopa mita 6, mita moja huiogopi tena. Unatoka usiku bila tochi. Ukiumwa unasema, "Kalikuwa kadogo tu," unakaa nyumbani kungoja. Hapo ndipo uongo wa ukubwa unapoua.

Sasa twende kwenye Neno. Wapelelezi walikuwa 12. Waliporudi walikuwa na ushahidi mkononi: kishada cha zabibu, kimebebwa kwenye mti na watu wawili. Huo mti haukudanganya mtu, kwa sababu zabibu zilikuwepo, kila mmoja akaziona. Lakini walipofika kwenye habari za wenyeji wa nchi, kumi kati yao wakaanza kunyoosha mikono mbele. Kwanza watu wale walikuwa na nguvu. Halafu wote wakawa warefu ajabu. Mwisho wakawa majitu, na Israeli wakawa panzi. Tazama jinsi kipimo kilivyokua sentensi baada ya sentensi! Na kwa kipimo hicho taifa zima lililia usiku kucha, likakataa kwenda. Miaka 40 jangwani. Kizazi kile kikazikwa mchangani, si kwa upanga wa majitu, bali kwa sababu waliamini ripoti iliyotiwa chumvi.

Mpendwa, sasa niruhusu niingie ndani ya nyumba yetu wenyewe, sisi watu wa Kipentekoste. Tunapiga picha ya mkutano kutoka chini, karibu na watu wa mbele, ili 80 waonekane 800. Tunasimama kutoa ushuhuda, na kila tukiurudia, ugonjwa unakuwa mkubwa zaidi na uponyaji unakuwa wa haraka zaidi. Homa inakuwa kifo. Wiki tatu za dawa na maombi zinakuwa dakika tatu za maombi. Nasi tunaitikia "Amina!", kwa sababu kinachoongezwa ni utukufu wa Mungu, kwa hiyo nani atapinga?

Lakini fikiri juu ya mama mmoja aliyekaa benchi la nyuma. Amesikia kwamba ndugu fulani aliumwa na nyoka, akaombewa, akasimama papo hapo. Hakuambiwa kwamba ndugu huyo alipakiwa kwenye bodaboda akafikishwa hospitali akatibiwa. Kesho mtoto wake anaumwa mguuni. Anafanya nini? Anakaa naye ndani akiomba, huku saa zinakwenda. Kipande ulichokikata ili ushuhuda wako upendeze ndicho kipande alichokihitaji huyo mama.

Mungu hahitaji fimbo ndefu. Soma Matendo 28. Paulo ameumwa na nyoka kule Malta akiokota kuni. Luka hakutuambia nyoka alikuwa na urefu gani. Watu wa kisiwa ndio waliotia chumvi: kwanza wakasema Paulo ni muuaji, baadaye wakasema ni mungu. Luka aliandika kilichotokea, basi. Soma pia Yohana 21. Wavuvi wameona muujiza, lakini samaki walihesabiwa: 153. Hakusema maelfu. Muujiza wa kweli unavumilia kuhesabiwa.

Wala usitafute nyoka ili upate ushuhuda. Paulo alikuwa anaokota kuni, hakwenda kutafuta nyoka. George Went Hensley wa Marekani, aliyejulikana kwa kushika nyoka kwenye ibada, alikufa mwaka 1955 kwa kuumwa na nyoka.

Kwa hiyo wiki hii fanya mambo matatu.

Moja: kabla ya kusambaza picha au habari, uliza ni ya wapi, ni ya lini, nani amepima. Kama hujui, iishie kwako.

Mbili: mtu akiumwa na nyoka, asikatwe chale, asinyonywe jeraha, asifungwe kamba ya kubana. Atulie, kiungo kilichoumwa kisitikisike, apelekwe haraka kituo cha afya. Mwombee mkiwa njiani. Mungu anasikia hata juu ya bodaboda.

Tatu: ushuhuda wako utoe kama ulivyokuwa. Taja dawa. Taja daktari. Taja siku ulizongoja. Mungu wetu anachukizwa na mizani iliyochezewa, hata kama imechezewa kwa ajili ya jina lake.

Tuombe. Baba, weka mlinzi mdomoni mwetu na kwenye vidole vyetu. Utufundishe kusema kidogo kilicho kweli kuliko kikubwa kisichokuwepo. Mlinde kila atakayetembea gizani usiku wa leo. Katika jina la Yesu, Amina.

Mbarikiwe, wapendwa. Na tochi msisahau.