Barua kutoka Birmingham: Aliyeumia na karatasi yake



Katika maghala ya vifurushi ya Birmingham, Mtanzania na Mromania hukutana zamu moja ya usiku. Mmoja akianguka na boksi mkononi, akishapewa huduma ya kwanza huletewa kitabu cha ajali. Anaandika ameumia saa ngapi, wapi, vipi, na nani alikuwepo. Ukurasa unachanwa na kuhifadhiwa. Akishindwa kurudi kazini kwa zaidi ya siku 7, mwajiri anatakiwa kuiarifu mamlaka ya usalama kazini. Tena tangu sheria ya mwaka 1969, mwajiri hulazimika kukata bima ya kumlipa mfanyakazi aliyeumia. Mgeni aliyefika juzi huogopa kujaza kitabu kile, akidhani atafukuzwa. Wenyeji wake humsukuma ajaze, na wanafanya vyema.

Kwetu Tanga, majeraha ya kazini yanajulikana tangu zamani. Mkonge ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 ulileta pia korona, mashine inayoponda jani na kubakiza singa. Anayelisha majani anasimama karibu na mdomo wa mashine, na mkono ukifuata jani, umekwenda. Kwa miaka mingi mtu wa namna hiyo alitegemea sheria ya fidia ya enzi za Mwingereza, ambayo hadi karne hii ilikuwa bado inataja shilingi 108,000 kuwa kikomo cha malipo ya aliyelemaa kabisa, na 83,000 kwa familia ya aliyekufa. Ilikuwa dhuluma, hata kama iliandikwa kisheria.

Sheria mpya ilipitishwa mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ukaanza kazi Julai 2015. Sasa anayechangia ni mwajiri, na aliyelemaa kwa zaidi ya asilimia 30 hulipwa pensheni ya kila mwezi. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 7 baada ya kujua, na dai lenyewe lifike kabla miezi 12 haijapita. Hapo ndipo watu wanapopotezea haki zao. Bosi anampa kijana nauli na pesa ya dawa, wanamalizana kwa mdomo, mwaka unakwisha.

Barabarani mambo ni hayo hayo. Usiku wa Februari 3, 2023, huko Magila Gereza, Korogwe, Coaster iliyobeba maiti na wafiwa kutoka Dar es Salaam kwenda Rombo iligongana na Fuso. Watu 17 walithibitishwa kufa, na idadi ikapanda siku zilizofuata. Msiba kama ule huzikwa kwa michango ya majirani na maneno ya mapenzi ya Mungu. Mapenzi ya Mungu hayapingwi, lakini kila gari linalotembea barabarani Tanzania linatakiwa liwe na bima ya kumlipa mtu mwingine litakayemwumiza, na mjane ana haki ya kuidai. Atahitaji fomu ya polisi ya PF3, ripoti ya polisi, cheti cha kifo na namba za magari yote mawili. Shemeji aliyefika wa kwanza mochwari aanze kuzikusanya siku ile ile.

Gumu kuliko yote ni kosa la hospitali. Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walichanganywa: aliyetakiwa kupasuliwa goti alipasuliwa kichwa, na wa kichwa akapasuliwa goti. Huyo wa kichwa alifariki. Kosa la aina hiyo kila mtu analiona. Yako mengine yasiyoonekana. Mwaka 2004 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti wa hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania, uliohusu wagonjwa zaidi ya 4,000 waliolazwa na kutibiwa malaria kali. Damu ilipoangaliwa upya, chini ya nusu walikuwa na vimelea. Wasio na vimelea ndio waliokufa kwa wingi zaidi, na si wote waliopewa antibayotiki.

Daktari hashtakiwi kwa sababu amekosea tu. Tangu kesi ya Bolam ya mwaka 1957 huku Uingereza, swali la mahakama ni kama madaktari wenzake makini wangekubali alivyofanya. Ndiyo maana majibu ya maabara yana uzito: karatasi ikisema hakuna vimelea na faili likisema malaria, wakili ana pa kuanzia. Wala huku si peponi. Mama mmoja wa Scotland mwenye kisukari, ambaye hakuelezwa hatari ya kujifungua kawaida, alizaa mwaka 1999 mtoto aliyeumia ubongo. Mahakama ya Juu ilimpa haki mwaka 2015, na fidia ya pauni milioni 5.25.

Kwetu Tanzania, dai la uzembe lina miaka 3 tu, na anayetaka kuishtaki hospitali ya serikali lazima kwanza atoe notisi ya siku 90. Malalamiko ya kitaaluma yanaweza kupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Basi anayemtoa mgonjwa wodini aombe nakala ya muhtasari wa matibabu na majibu ya vipimo pale pale dirishani, aandike jina la daktari na tarehe, azitunze pamoja na hati ya nyumba.