Ndururu za Vifukofuko

Baba alikuwa akinipa ndururu moja kwa kila kibiriti cha "mayai ya funza" nilichojaza. Hiyo ilikuwa miaka ya sabini. Tulikuwa na shamba la miwa karibu na Ramisi, huko Kwale, na kando yake mahindi ya chakula. Kila Jumamosi nilipita mstari kwa mstari nikitafuta muwa wenye tundu, ule unaotoa unga kama wa msumeno. Niliupasua kwa panga. Ndani pingili ilikuwa imegeuka nyekundu na kunuka chachu. Mara nyingine nilimkuta funza mwenyewe, na madoa yake mgongoni. Mara nyingine nilikuta funza aliyenyauka, na ubavuni pake vijifuko vyeupe vimebanana kama kipande cha pamba, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele. Hivyo ndivyo tulivyoita mayai. Nilivikwangua nikavitia kwenye kibiriti, na jioni Baba akavichoma.

Nilikuwa mtoto mwenye bidii. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Kiwanda cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988, na Baba akafariki kabla sijaujua ukweli. Niliujua kwenye baraza la wakulima, mwishoni mwa miaka ya tisini, pale mtaalamu mmoja alipoinua chupa ya kioo yenye vijifuko vilevile. Nikasema kwa sauti, "Hayo ni mayai ya funza." Akanijibu kwa upole, "La, ndugu yangu. Hawa ndio wanaomla funza."

Vilikuwa vifukofuko vya nyigu. Nyigu mwenyewe ana urefu wa milimita tatu hivi, ukimwona utadhani ni sisimizi mwenye mbawa. Jike huingia ndani ya tundu la funza, mahali ambapo dawa ya kunyunyiza haifiki, akamchoma na kumwachia mayai thelathini au zaidi mwilini. Funza hupigana. Majike wengi huumwa na kufia humo humo, lakini wanapokufa kazi huwa wameshaimaliza. Watoto wao humla funza kutoka ndani kwa muda wa wiki mbili hivi, kisha hutoboa ngozi yake, wakatoka na kujisokotea vile vifuko vyeupe. Siku chache baadaye huruka kutafuta funza wengine. Hao ndio niliokuwa nikiwachoma kwa ndururu.

Wale wa utotoni mwangu walikuwa nyigu wa hapa hapa Afrika, Cotesia sesamiae. Lakini funza mmoja mharibifu, Chilo partellus, alitoka Asia, akamwacha adui yake huko nyuma. Mwaka 1993 watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, walimleta adui huyo, Cotesia flavipes, kutoka Pakistan na kumwachia huru pwani yetu. Miaka ya mwanzo alionekana kwa nadra, kisha akaenea. Huko Brazil, nyigu huyu huzalishwa kwa wingi na kuachiwa kwenye mashamba ya miwa.

Nikikumbuka unga wa DDT ambao Baba aliutia kwenye moyo wa kila mhindi, naona tulivyokosea mara mbili. Funza aliyekwisha kuingia ndani ya bua alisalimika, na nyigu aliyetembea juu ya majani akafa. Simlaumu Baba. Alitaka tule.

Sasa shamba limebaki kipande nyuma ya nyumba, miwa michache ya kumuuzia kijana wa juisi na mistari ya mahindi ninayolima na mpwa wangu. Tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini, miaka ya 2016 na 2017, bomba la dawa halimtoki mgongoni. Nilimsihi apunguze, nikamweleza habari za nyigu. Akaniambia, "Mjomba, nikiwangojea hao, wanangu watakula nini?" Nikamwona Baba usoni pake, nikanyamaza.

Msimu uliopita nilipasua mabua arobaini yenye matundu. Katika moja tu nilikuta vile vyeupe. Nililifumba lile bua, nikalifunga kwa ugwe wa mgomba, nikaliegemeza kivulini, upande ambao bomba halijafika. Kila alfajiri nilikwenda kulitazama. Siku ya tano nilikuta vifuko vimetobolewa, vitupu.