Mtoto Asiyeweza Kunywa Maziwa

Katika nyumba nyingi za Bukoba na Muleba mgeni hupewa kahawa ya kutafuna, na mama aliyejifungua huletewa maziwa. Ng'ombe ana heshima kwetu. Samadi yake hustawisha migomba ya kibanja, na maziwa yake hukuza watoto. Hata Biblia, inapoieleza nchi ambayo Mungu aliwaahidi watu wake, huitaja kwa maziwa na asali. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kwangu na mume wangu kukubali kwamba kitu hiki chema kilikuwa kinamdhuru mtoto wetu.

Alizaliwa salama na akanyonya vizuri. Mama mkwe wangu, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya kibanja chetu, alinitumia lita nzima ya maziwa kila asubuhi ili nisipungukiwe maziwa ya kumnyonyesha. Alipofikisha wiki ya sita, mtoto alianza kutapika, na hakukuwa kucheua kule kwa kawaida. Vipele vya kuwasha vilitokea mashavuni na kwenye mikunjo ya viwiko. Usiku alijikunja na kulia. Mwezi wa tatu niliona nyuzi za damu zimechanganyika na ute kwenye kinyesi chake, na kwenye kadi ya kliniki mstari wa uzito ukaacha kupanda.

Ushauri haukukosekana. Mmoja alisema ni kijicho. Mwingine alisema ni meno ya plastiki, na kwamba anamfahamu mtu wa kuyang'oa. Wapendwa, naomba niseme wazi: hayo yanayoitwa meno ya plastiki ni meno ya kawaida ya mtoto ambayo bado hayajatoka kwenye fizi. Kuyachimbua kwa chombo kichafu kumewaletea watoto maambukizi, na wengine wamepoteza maisha. Mume wangu alikataa katakata. Zahanati tuliyoanzia ilitupa dawa ya kuhara, lakini hali haikubadilika. Tukapanda gari asubuhi, tukapita Muhutwe na Kemondo mpaka Bukoba mjini.

Huko daktari alipima kwanza kinyesi, kwa sababu damu inaweza kuletwa na magonjwa mengi na si vema kukimbilia jibu moja. Baadaye akaniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: "Mama, wewe mwenyewe unakula na kunywa nini?"

Nikamweleza habari za ile lita ya kila asubuhi. Alituliza sauti, akatueleza. Kuna watu ambao matumbo yao hayawezi kusaga sukari iliyomo kwenye maziwa. Hao hujaa gesi na kuharisha, na wengi ni watu wazima au watoto waliokwisha kukua. Mtoto wetu alielekea kuwa na jambo jingine, yaani mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe. Kinga ya mwili wake inaiona protini hiyo kama adui na kupigana nayo. Protini hiyo hupita kidogo kidogo kutoka kwenye chakula cha mama mpaka kwenye maziwa ya mama. "Usiache kunyonyesha," alinisisitiza. "Maziwa yako si mabaya. Acha wewe maziwa ya ng'ombe, na kila kitu kilichotengenezwa nayo, kwa wiki nne, kisha mrudi."

Nilishukuru kusikia neno hilo, kwa maana kulikuwa na watu waliokwisha kuninong'onezea kwamba maziwa yangu yameharibika na nimwachishe.

Wiki ya pili damu iliisha. Wiki ya tatu alilala usiku mzima, nami nikaamka kumtazama kama anapumua. Tuliporudi, daktari aliniambia ninywe maziwa tena kwa siku chache tu, ili tuwe na hakika. Siku ya pili vipele na kilio vilirudi. Hapo hatukuwa na shaka tena. Jaribio hilo hufanywa kwa maelekezo ya daktari tu. Mtoto ambaye amewahi kuvimba midomo au uso, au kupumua kwa shida baada ya kugusa maziwa, hajaribiwi nyumbani kamwe. Huyo hukimbizwa hospitali saa ile ile.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kumwambia mama mkwe. Kwake, kuyakataa maziwa ya ng'ombe wake ni sawa na kuukataa mkono wake. Mume wangu alikwenda naye nikiwepo. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akauliza, "Na mtindi je? Na ya mbuzi?" Tukamjibu kama tulivyofundishwa: kuchemsha hakuondoi protini hiyo, kugandisha hakuiondoi, na protini za maziwa ya mbuzi zinafanana na za ng'ombe kiasi kwamba watoto wengi wenye mzio huu hudhurika nazo pia. Machozi yakamlenga. "Basi mjukuu wangu nitamlisha nini mimi?"

Siku tatu baadaye alikuja na kifurushi cha dagaa. Alikuwa ameuza maziwa ya siku hizo na kununua. Mtoto alipofika miezi sita na kuanza kula, huyo bibi ndiye aliyesaga dagaa pamoja na mifupa yao laini, akachanganya na ndizi na maharage yaliyopondwa. Tuliongeza mchicha, yai na karanga zilizosagwa vizuri. Tulimpa kila chakula kipya peke yake kwanza, tukaangalia. Maziwa ya mama yaliendelea mpaka alipotimiza miaka miwili. Mstari kwenye kadi ukaanza kupanda tena.

Lakini kulikuwa na jaribu lingine, nalo lilitoka kwa watu wa imani. Katika jumuiya yetu ndugu mmoja, kwa nia njema kabisa, alisema tumwombee mtoto kisha anyweshwe maziwa kwa imani, kwa kuwa kila alichokiumba Mungu ni chema. Maneno hayo yalinikosesha usingizi. Je, nilikuwa nimekosa imani kwa kumnyima mwanangu kikombe?

Nilipata msaada katika Maandiko yenyewe. Ibilisi alimtaka Bwana Yesu ajitupe kutoka juu ya kinara cha hekalu ili Mungu amwokoe, naye alikataa, kwa sababu huko ni kumjaribu Mungu. Mtume Paulo, ambaye kwa mikono yake wengi waliponywa, alipomwandikia Timotheo kuhusu tumbo lake lililomsumbua hakumkemea kwa imani haba. Alimshauri abadilishe anachokunywa. Waliotuletea Injili huku kwetu hawakujenga makanisa peke yake. Ndolage, Rubya na Kagondo, zote ziko Muleba, na zote ni hospitali za makanisa. Tunaomba, na tunakwenda hospitali, na kote huko tunamwendea Mungu yule yule. Mwinjilisti wetu alilisema hilo mbele ya jumuiya, na yule ndugu akawa wa kwanza kuniuliza kila tunapokula pamoja, "Hiki anaruhusiwa?"

Swali hilo dogo ndilo ninalotaka kuliacha kwenu. Katika Warumi sura ya 14 Paulo anawaonya wenye nguvu wasimwangamize ndugu yao kwa ajili ya chakula. Alikuwa akisema juu ya dhamiri, najua. Hata hivyo nimeona onyo hilo likitimizwa kwenye sinia la maandazi. Mtoto wa miaka miwili hawezi kujitetea. Anapopewa kitu na mama wa Shule ya Jumapili, hupokea na kushukuru. Maziwa yamo kwenye chai ya sherehe ya ubatizo, na huweza kuwamo kwenye keki ya Krismasi, biskuti, mkate, siagi, na uji wa lishe uliochanganywa na maziwa ya unga. Hata kijiko kilichokoroga chai ya maziwa kisha kikaingia kwenye uji wake kinatosha kumrudisha kwenye vipele. Huna haja ya kujua dalili zote. Muulize mama yake kwanza.

Na ukiambiwa hapana, usimbembeleze mama, wala usimpe mtoto kwa siri ili uthibitishe kwamba anadeka. Mpe ndizi mbivu. Sisi tumekuwa tukinunua kwa furaha hata lita za maziwa kwenye mnada wa sadaka baada ya ibada, maana ni matoleo ya Bwana, kisha tunampa jirani. Baraka haikupungua kwa sababu haikufaa mdomo mmoja.

Mtoto sasa ana miaka mitatu. Watoto wengi wenye mzio huu hupona wenyewe kadiri wanavyokua, na daktari ameanza kumjaribu kwa mkate wenye maziwa kidogo uliookwa vizuri, maana joto kali la kuoka hulegeza ukali wa protini hiyo kwa baadhi ya watoto. Mpaka leo ameuvumilia. Maziwa yenyewe bado. Bibi ana ndama jike aliyemtengea mjukuu wake, na akiulizwa ni wa nini kwa mtoto asiyekunywa maziwa, hujibu kwamba ng'ombe huchukua muda kukua, na mtoto pia. Tunaomba, na tunangoja tarehe ya kliniki ijayo.