Mkeka wa Ukindu, Pazia la Mtumba

Nyumba ya bibi yangu Kimbiji haikuwa na kitu hata kimoja kilichonunuliwa kwa ajili ya pambo, na bado ilikuwa nyumba iliyopambwa. Kuta za fito na udongo zilikandikwa upya kila zilipopasuka, zikapakwa chokaa Idi ilipokaribia. Mlangoni mwa chumba chake ilining'inia kanga iliyokwisha kupauka, isiyofaa tena kuvaliwa shughulini. Kitanda kilikuwa cha kamba, ile teremka tukaze ya wazee, na juu yake mkeka wa ukindu wenye mistari ya zambarau na kijani. Ukutani palikuwa na kalenda ya shirika la umma ambayo mwaka wake ulikwisha pita. Haikuondolewa kwa sababu picha yake ilikuwa nzuri. Pembeni yake kurasa za gazeti la Mzalendo, zimegandishwa kwa uji wa muhogo. Na juu kabisa, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki, sahani za udongo zenye maua ya buluu ambazo sikuwahi kumwona mtu akizilia chakula.

Nazungumzia miaka ya mwanzo ya themanini. Kimbiji ilihesabiwa kuwa Temeke, lakini ilikuwa Temeke ya mbali, ya mchanga, mikorosho na minazi, na kwenda mjini maana yake ilikuwa kufika Kigamboni kwanza, kisha kupanda pantoni. Nchi ilikuwa imetoka katika Vita vya Kagera, fedha za kigeni hazikuwepo, na rafu za maduka ya ushirika zilikuwa tupu. Sabuni ilikuwa habari. Kanga mpya ilikuwa habari kubwa zaidi. Mwaka 1983, serikali ilipoanza kuwasaka walanguzi, hata mtu mwenye vitenge vichache sandukuni aliogopa kuonekana navyo.

Katika hali hiyo hakuna kilichoitwa takataka. Kopo la maziwa lilipelekwa kwa mafundi bati wa Gerezani likarudi koroboi. Kopo kubwa lilitobolewa chini, likajazwa udongo, likapandwa ua, na makopo yakapangwa barazani kwa urefu wao. Gunia lililotoboka lilifumwa vipande vya nguo kuukuu mpaka likawa zulia la kufutia miguu. Bibi hakuwa akifanya sanaa wala hakudai anafanya. Lakini alikuwa na jicho: angeweza kuhamisha kopo moja la maua mara tatu asubuhi moja mpaka lipate mahali pake.

Kazi yake iliyonishangaza zaidi, na inayonishangaza hadi leo, ni mkeka. Ukindu hukatwa ukiwa kuti changa ambalo halijafunguka, katika mabonde yenye majimaji. Huanikwa juani mpaka ukijani wote utoke, kisha huchanwa chane nyembamba, zote za upana mmoja, kwa ukucha au kwa sindano. Sehemu huchemshwa sufuriani pamoja na rangi ya unga, sehemu huachwa na weupe wake. Halafu chane husukwa kuwa ukili, utepe mrefu unaoviringishwa kadiri unavyokua. Ukili husukwa popote: barazani, msibani, chini ya mwembe wakati wa kusubiri ngalawa zirudi. Ukitimia pima zinazotakiwa, hushonwa ukingo kwa ukingo kwa shazia, na hapo ndipo aliyehesabu vibaya rangi zake hujulikana, kwa sababu mistari haikutani. Bibi alinikalisha pembeni yake nikiwa mdogo. "Mjukuu wangu," alikuwa akisema, "ukikaza sana chane inakatika, ukilegeza mkeka unapitisha mchanga." Maneno yake ya kufundishia yaliishia hapo, mengine yote aliyafundisha kwa kufumua nilichosuka.

Kamba za kitanda nazo zilikuwa za nyumbani. Makumbi ya nazi yalifukiwa kwenye mchanga wenye maji ya bahari kwa miezi mingi mpaka yaoze, yakafukuliwa yakinuka sana, yakapigwa kwa magongo mpaka nyuzi zibaki peke yake, kisha zikasokotwa juu ya paja. Kamba iliyozaliwa na maji ya chumvi haisumbuliwi na hewa ya bahari. Nililijua jambo hilo utotoni bila kulifikiria. Thamani yake niliiona baadaye sana.

Mlango wa vitu ulifunguka kwa bajeti ya mwaka 1984. Mwenye fedha zake nje aliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa amezipataje, na baada ya hapo mitumba ikaanza kumiminika Dar es Salaam. Mama mkubwa wangu aliishi Tandika, na kwake ndiko nilikokaa niliposoma sekondari. Huko nikajua mnada. Belo linafunguliwa, nguo zinamwagwa juu ya turubai, mnadi anapanda juu ya meza na kuanza kuita. Nimekua nikiusikia wito huo ukibadilika: ulikuwa mia mia, ukawa jero jero, sasa ni buku buku.

Wenzake walikimbilia magauni. Mama mkubwa alingoja mabelo ya mapazia na mashuka. Alikuwa na utaratibu wake ambao nimeurithi wote. Pazia hushikwa kwanza kwenye pindo la juu, kwa kuwa ndilo linalobeba uzito, na likiwa limechoka hapo, halifai hata likiwa zuri kiasi gani. Kisha huinuliwa kuelekea jua. Nyuzi zilizoliwa na mwanga wa madirisha ya Ulaya huonekana papo hapo. Kisha hunuswa. Lililopita mitihani hiyo lilifuliwa, likaanikwa, na kesho yake likawekwa chini ya cherehani: upande mmoja dirishani, upande mwingine foronya za mito ya makochi, vipande vilivyobaki kitambaa cha meza. Sikuwahi kuona kitani kizito namna ile katika duka lolote la Kariakoo tuliloweza kulimudu.

Jioni alifumua sweta za mtumba. Sweta ya sufu, ambayo Tandika hakuna wa kuivaa, aliinunua kwa bei ya bure, akaanza kuifumua kutoka shingoni, akaviringisha uzi, akauosha na kuuning'iniza na jiwe ili unyooke. Kwa uzi huo na sindano ya kroshia akafuma vitambaa: vya makochi, vya redio, vya juu ya kabati la vyombo. Watu wengi wa rika langu waliokulia Dar wanavikumbuka vitambaa vile vyeupe vyenye ncha za nyota, vilivyotandikwa kwenye mgongo na mikono ya kila kochi. Siku hizi kuna wanaoviona vya kishamba. Mimi naviheshimu. Kila kimoja kilikuwa jioni kadhaa za mwanamke aliyefanya kazi mchana kutwa, akaona bado chumba chake kinastahili kitu kizuri.

Miaka hiyohiyo kijijini mambo yaligeuka kwa namna nyingine. Mikeka ya plastiki ilifika, myepesi, yenye rangi kali, ya kufutwa kwa kitambaa kibichi. Msibani ikatandikwa ya plastiki, harusini ya plastiki. Mkeka wa ukindu ukabaki wa kuswalia na wa mazishi, na ule mkubwa wa bibi ukaviringishwa ukasimamishwa nyuma ya mlango. Kuta za udongo zikaanza kubomolewa zipishe tofali, makuti yakaacha nafasi kwa bati. Sithubutu kumlaumu mtu aliyetaka bati: makuti hutaka kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na mvua ya masika haimsubiri mtu apate nauli ya kwenda kuyanunua. Ila pamoja na udongo na makuti iliondoka pia aibu ya kutumia plastiki mbele ya wageni, ikaja aibu ya kutumia ukindu. Hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Nadhani tunajidanganya tunapodhani kupamba nyumba kwa vitu vilivyotumika au vilivyotoka ng'ambo ni mtindo mpya. Nenda Kunduchi, wilaya ya Kinondoni, kwenye magofu. Makaburi ya nguzo ya pale yalipachikwa mabakuli ya Kichina kwenye chokaa. Katika nyumba za mawe za Lamu na miji mingine ya pwani, vidaka vya ukutani vilijengwa kwa makusudi ya kupanga vyombo vya aina hiyo. Sahani za maua za bibi yangu, juu ya ukuta wa udongo usio na vidaka, zilikuwa zikifuata desturi ya karne nyingi: chombo kilichovuka bahari huwekwa juu kitazamwe, na kilichosukwa hapa hutandikwa chini kitumike. Hata Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Oysterbay mwaka 1968, alitumia mbao za dari na rangi za baiskeli, vitu vya mafundi, na kutoka humo ikazaliwa michoro inayojulikana dunia nzima.

Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, lilifunguliwa Aprili 2016 juu ya mkondo wa Kurasini, na kipindi hichohicho Kigamboni ikatengwa na Temeke ikawa wilaya. Wanunuzi wa viwanja walikwisha kuanza kuja, sasa wakaja kwa magari. Nami nikarudi na kujenga kwenye sehemu yangu ya shamba la familia: nyumba ya vyumba viwili, baraza pana, sakafu ya simenti nyekundu inayong'arishwa kwa kumbi la nazi. Nilikuwa na sheria moja tu, kwamba ndani yake pasiingie samani mpya ya dukani. Fedha zangu zilitaka hivyo, na moyo wangu pia.

Chumvi ndiyo iliyonisaidia kuchagua. Mtu anayepamba nyumba mbali na bahari anaweza kuweka anachotaka; Kimbiji, mita chache kutoka maji, upepo wa kusi hukagua kila kitu. Taa ya mtumba yenye miguu ya kromu huota kutu kabla ya mwaka kwisha. Kabati la mbao za kugandamizwa hufura kwenye kona. Mbao za paleti zinazotoka bandarini hupendeza, lakini ni laini, na mchwa wa kwetu huzijua. Vinavyobaki ni vile ambavyo bahari ilikwisha vizoea: kamba ya makumbi, ukindu, mvule na mninga, kioo, udongo wa kuchoma, na mbao za majahazi.

Mbao hizo ndizo fahari ya sebule yangu. Mashua ikizeeka haizibiki tena, mwenyewe huivunja au huiacha ufukweni, na ubao wake, uliokunywa chumvi na mafuta kwa miaka, huwa mgumu na wenye michirizi ya rangi za zamani. Fundi wangu ni kijana aliyejifunzia Keko, kwenye karakana za samani. Alitaka kuuranda ubao mpaka ung'ae. Nilimwomba aache mashimo ya misumari na rangi ya buluu iliyobaki. "Mama, wateja wa Keko wangenifukuza," aliniambia, lakini akafanya, na meza ile ndiyo inayoulizwa bei na kila mgeni.

Madirishani ni mapazia ya kitani kutoka mnada wa Tandika. Taa ya sebuleni ni kamba ya makumbi iliyozungushwa kwenye waya. Chupa zilizoletwa na maji zimepangwa dirishani kwa rangi. Makombe nachukua yaliyokufa tu, matumbawe siyagusi, na balbu ya baraza nimeielekeza ukutani, kwa sababu kasa wa kijani hupanda kutaga kwenye fukwe za upande huu na mwanga wa nyumba huwapoteza wao na watoto wao. Anayejenga ufukweni akumbuke kwamba taa ya nje nayo ni pambo, na hili lina gharama kwa kiumbe mwingine.

Chini ni mkeka wa bibi, ule wa nyuma ya mlango. Nimeukung'uta, nimeufuta, nimeutandika katikati ya sebule. Wageni kutoka mjini huvua viatu wenyewe.

Sasa ukindu umerudi kwenye heshima. Hoteli za ufukweni zinautaka, maduka ya Masaki yanautaka, vikapu na mikeka vinapigwa picha na kuuzwa mitandaoni. Ningefurahi bila kusita, kama fedha zingefika kwenye mikono inayosuka. Mara nyingi hazifiki. Nilikwenda kwa mzee mmoja wa kijijini, rika la mama yangu, kumwagizia mkeka wa chumba cha wageni. Baada ya shikamoo na marahaba akanionyesha ukili aliokwisha kuusuka kwa ajili ya mchuuzi, kazi ya wiki nyingi. Bei aliyoahidiwa, mwanangu wa chuo huimaliza kwa vocha na chipsi. "Nifanyeje, mwanangu?" aliniuliza. "Yeye ndiye anayekuja mpaka mlangoni."

Basi ukijenga Kimbiji, Buyuni au Pemba Mnazi, nenda wewe mpaka mlangoni. Agiza mkeka kwa msusi mwenyewe, mpe nusu ya fedha mapema anunue rangi, mpe muda, na usimwombe apunguze. Kama una binti au mtoto wa kiume mwenye mikono mizuri, mpeleke akakae naye likizo moja, kwa sababu kijijini kwetu wanaojua kushona mkeka kwa shazia ni wazee watupu.