Upepo wa Makambako na Kijana Anayetaka Kuruka

Msafiri atokaye Iringa hufika Makambako, mahali barabara inapogawanyika: moja huelekea Mbeya hadi Tunduma, nyingine hukata kusini kwenda Njombe na Songea. Reli ya TAZARA nayo hupita hapo. Hata hivyo, kinachompokea mgeni kwanza ni upepo. Mji upo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na umetajwa pamoja na Singida kuwa mahali pafaapo kufua umeme wa upepo.

Baada ya swala ya Alasiri tulikaribishwa na mzee mmoja mwenye karakana ya kuchomelea vyuma. Uani tuliona fremu ya mabomba yenye magurudumu matatu, kiti, na juu yake mapanga mawili marefu ya mbao. Mwanawe anaunda jairokopta.

“Nimkataze au nimwache?” mzee alituuliza.

Swali lilikuwa zito. Chombo hiki si helikopta. Injini huzungusha rafadha ya nyuma inayokisukuma mbele. Mapanga ya juu huzungushwa na upepo peke yake, unaopita kati yake kutoka chini kwenda juu. Injini ikizimika, mapanga huendelea kuzunguka na chombo hushuka taratibu. Lakini rubani akisukuma usukani mbele kwa ghafla, upepo huo hukatika, mapanga hupunguza mwendo, na chombo huweza kupinduka. Katika nyanda za juu kama hizi, hewa nyepesi huipunguzia injini nguvu.

Aliyekibuni, Juan de la Cierva wa Hispania, aliona vyombo vyake vya kwanza vikipinduka kabla ya kufaulu Januari 1923, baada ya kuyafunga mapanga kwa bawaba ili yaweze kupanda na kushuka. Katika nchi hiyo hiyo, zama za Andalus, karne ya 9, Abbas ibn Firnas wa Kurtuba alijaribu kuruka kwa mbawa. Wanahistoria wamesimulia kwamba alielea hewani, kisha akaumia alipotua, kwa kuwa hakujiwekea mkia. Hakukosa ushujaa, alikosa jambo moja ambalo kila ndege analo.

Hata karibu nasi, katika barabara hiyo hiyo, fundi mmoja wa Tunduma aliwahi kutangazwa na vyombo vya habari kwa kuunda helikopta katika karakana yake. Vipaji tunavyo.

Tulimjibu mzee kwamba asimkataze, wala asimwache peke yake. Mtume (S.A.W.) alimfundisha mwenye ngamia kumfunga kwanza, ndipo ategemee kwa Mola wake. Kamba ya kijana huyu ni elimu: chuo cha ufundi, mwalimu wa urubani, na ukaguzi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla gurudumu halijaacha ardhi. Nafsi ni amana, na mama yake anamsubiri nyumbani.

Kijana alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. “Baba,” alisema hatimaye, “injini sitaifunga mpaka nipate wa kunifundisha.”

Magharibi ilipokaribia, upepo ulizidi na mapanga yakaanza kuzunguka yenyewe. Mzee alichukua kamba, akampa mwanawe, wakayafunga pamoja. Kisha sote tukaenda kutawadha.