Nyumbani kwa Nani?

Mwandishi wa habari za michezo nchi hii hana wikiendi, na nilipopata siku chache za mapumziko nilikimbilia kijijini. Nimerudi mjini na jambo lililonikaa kooni, ngoja nilitoe hapa.

Kwetu ni Mugoma, wilaya ya Ngara. Kimkoa sisi ni Kagera, lakini Burundi iko jirani kuliko Bukoba. Kwenda Kaitaba kuangalia mpira unapita Biharamulo, unapita Muleba, ukifika umeshasahau ulichofuata. Kwa hiyo Kagera Sugar kwetu ilikuwa timu ya redio. Hatukuwahi kuiona, lakini ilikuwa yetu, na ukitaka ugomvi na mjomba wangu iseme vibaya.

Mwaka 2015 Kaitaba ilikuwa inawekewa nyasi bandia, ikabidi Kagera Sugar ihamishie mechi zake nje ya mkoa. Nakumbuka jioni moja, mimi niko sekondari, mtangazaji anasema Kagera Sugar leo wako nyumbani, uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, Tabora. Mjomba akapunguza sauti ya redio, akatutazama mmoja mmoja. "Nyumbani kwa nani?"

Tulicheka sana. Sasa hivi sicheki.

Mnaikumbuka Ihefu? Timu ya Mbarali, mkoani Mbeya, kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu. Uwanja wake Highland Estates, pale Ubaruku, wala si wa kuringia. Lakini ni pale, tarehe 29 Novemba 2022, Yanga iliyokuwa imecheza mechi 49 za ligi bila kufungwa ilipigwa 2-1. Oktoba 2023 ikarudi, ikapigwa tena 2-1. Mara mbili, bwana! Waliokuwa wanadhani ilikuwa bahati wakanyamaza.

Miezi michache baadaye timu ikahama. Msimu haujaisha, Ihefu ikaanza kutumia uwanja wa LITI, ule tuliozoea kuuita Namfua, Singida. Na Singida nako walikuwa wametoka kuondokewa na timu yao, Singida Fountain Gate, iliyokwenda Mwanza. Basi Aprili 2024 ikawa hivi: Ihefu ya Mbarali inaikaribisha Simba Singida, na Singida Fountain Gate inaikaribisha Yanga CCM Kirumba, Mwanza. Mgeni akikuomba umweleze ligi ya Tanzania hapo, unaanzia wapi? Msimu uliofuata ya kwanza ikaitwa Singida Black Stars, ya pili ikaitwa Fountain Gate na kuhamia Babati. Na hiyo ya pili yenyewe, kabla ya kuitwa Singida, ilikuwa DTB ya Dar es Salaam.

Sisemi wenye timu walivunja sheria. Timu inakula fedha, na mwenye fedha ana haki ya kutafuta mahali atakapozirudisha. Kimpira hesabu imelipa pia, maana Septemba 2025 Singida Black Stars walibeba Kombe la Kagame. Najua vilevile kwamba Singida nao ni watu, wana haki ya kuwa na timu. Kinachonisumbua ni ule ukimya.

Wenzetu Marekani timu ikitaka kuhama panachimbika. Mwenye timu anaiambia serikali ya mji nijengeeni ukumbi mpya kwa kodi zenu la sivyo naondoka, mji unabishana mwaka mzima, watu wanapiga kura, wanakwenda mahakamani. Seattle waligoma kutoa fedha za ukumbi, na mwaka 2008 SuperSonics yao ya mpira wa kikapu ikaenda Oklahoma City. Iliwauma, lakini walijua kwa nini imeondoka na nani alikataa nini. Uingereza, mashabiki wa Wimbledon walipoona timu yao inapelekwa Milton Keynes, mwaka 2002 wakaanzisha yao wenyewe kuanzia ligi za chini kabisa. Ubaruku walipewa nafasi gani ya kugoma?

Na hapa lazima niseme la kwangu. Habari ya Ihefu kuhamia Singida niliiandika mimi. Aya nne. Nilimnukuu kiongozi, nikawanukuu mashabiki wa Singida wakishangilia, nikaandika "ukurasa mpya" (ndiyo, niliandika hivyo, nichekeni tu). Sikumpigia simu mtu hata mmoja wa Ubaruku. Mhariri hakuuliza, na mimi sikujiuliza. Nina shahada ya uandishi wa habari.

Sasa turudi Mugoma. Kiwanja chetu kimekaa ubavuni mwa kilima. Ukipiga shuti likapita goli la chini, mpira unaufuata migombani na mechi inasimama. Wanataka kukisawazisha. Amejitokeza mfadhili, mtu wa kwetu aliyefanikiwa mjini, yuko tayari kuleta greda na mafuta yake. Sharti lake kiwanja kiitwe kwa jina lake na kamati iwe ya kwake. Kijiji kimegawanyika. Vijana wanasema greda lije, jina halichezi mpira. Mjomba na wazee wenzake wanasema wachange, wasawazishe kwa majembe, hata ikichukua miaka mitatu.

Nikaulizwa mimi, mtoto msomi. Nikawaambia wachukue greda, ila waandikishane karatasi kwamba kiwanja ni mali ya kijiji. Nilijiona nimesema la busara sana.

Mjomba akaniambia, "Anko, sisi tulishachanga viwanja."

Akaishia hapo, na mwandishi wa michezo alielewa. Kirumba, Sokoine, Majimaji, Ali Hassan Mwinyi, hata huo LITI, vyote ni mali ya CCM. Vingi vilijengwa enzi za chama kimoja, na wazee nchi nzima watakusimulia walivyochangishwa. Mwaka 1992 vyama vingi viliporudi, viwanja vikabaki na chama, na hadi leo kila baada ya muda mtu husimama kuuliza kwa nini havirudi kwa wananchi. Aliyechangia hana karatasi. Kaitaba angalau ni ya manispaa ya Bukoba, ingawa Kagera Sugar yenyewe ilishuka daraja msimu wa 2024/25, na mjomba hataki kabisa hiyo habari iguswe.

Nilimwuliza, kwa hiyo karatasi inatosha? Akasema karatasi ni nzuri, lakini karatasi na jasho ni nzuri zaidi, maana mtu akija kukichukua kiwanja utawakuta watu mia wanaojua kila mmoja alichimba wapi. Vijana waliokuwepo wakaguna. Mmoja akasema, "Babu, mpaka kiishe sisi tutakuwa makocha." Naye ana hoja, tusidanganyane.

Mpaka naondoka walikuwa hawajaelewana. Juzi nikatuma elfu hamsini kwa simu, nikaomba nipewe risiti. Jana mjomba kanitumia picha ya daftari la shule, limechorwa mistari kwa rula, majina upande mmoja na kiasi upande mwingine. Wengine wameandikiwa fedha, wengine siku za jembe. Mimi ni wa kumi na saba. Jina wamelikosea herufi moja, na mbele ya hiyo elfu hamsini wameandika: "jembe bado."